Shada la Karatasi Lisiloogopa Mvua za Oktoba

Mahafali mengi ya kidato cha nne hufanyika wakati mvua za kwanza zinaporudi kwenye vilima vya Kibondo na Kasulu, mkoani Kigoma. Shada la karatasi nyekundu ya krepu linatoka nyumbani kavu, limenyooka, linapendeza machoni. Kabla mgeni rasmi hajamaliza hotuba, wingu limeshafunga juu ya Kitahana, kata yetu ya Kibondo, na matone machache tu yanatosha kuteremsha rangi kwenye shati jeupe la mhitimu. Doa hilo halitoki kwa sabuni. Lililokusudiwa kuwa zawadi linageuka hasara, na mwaka unaofuata familia inanunua ua la plastiki dukani ili kuepuka aibu.

Nimefundisha kazi za mikono kwa muda mrefu, na ninaamini kosa haliko kwenye vidole vya watengenezaji wetu. Vidole vyao ni vyepesi na macho yao ni mazuri. Kinachopungua ni kuijua karatasi yenyewe: imetengenezwa na nini, inajipinda upande gani, na inafanya nini ikikutana na maji. Anayeijua karatasi anaweza kutengeneza shada linalohimili mvua ya mlimani na kukaa sebuleni miaka kadhaa, na vitu vingi anavyohitaji kwa kazi hiyo viko tayari katika nyanda hizi.

Kwa nini karatasi, wakati maua ya kweli yapo? Waridi la kukatwa linalouzwa kibiashara nchini hulimwa hasa kaskazini, pande za Arusha na Kilimanjaro, na sehemu kubwa ya mavuno hupandishwa ndege kwenda Ulaya. Kutoka Dar es Salaam hadi Kigoma kwa reli ni zaidi ya kilomita 1,250, kisha kuna mwendo wa barabara kupanda Kasulu na kuendelea Kibondo. Waridi lililokatwa huishi wiki moja hivi likitunzwa vizuri kwenye maji. Likifika Kitahana kwa basi limeshamaliza siku zake nzuri njiani. Maua ya bustanini kwetu yapo na yanapendeza, lakini mengi hayakubali kukatwa: hibiskasi hufumbua asubuhi na kunyauka jioni ileile. Hapo karatasi ina hoja ya haki.

Tuanze na karatasi kwa undani, maana hapa ndipo pana utajiri.

Karatasi ni nyuzi za mimea zilizolowekwa, zikatandazwa, zikakaushwa. Zinashikana zenyewe kwa zenyewe pale maji yanapoondoka, bila kuhitaji gundi. Ndiyo maana maji yakirudi, mshikano unalegea na karatasi inararuka. Karatasi ya kiwandani ina jambo moja zaidi. Rojo la nyuzi humiminwa juu ya wavu unaokimbia, na nyuzi nyingi hulala kufuata mwendo wa mashine. Kwa hiyo kila karatasi ina urefu na upana wa ndani, ambao haulazimiki kulingana na umbo ulilolikata wewe. Upande wa nyuzi karatasi ni ngumu kukunjwa kwa kuikatiza, huchanika kwa mstari ulionyooka, na haivimbi sana ikilowa. Upande wa pili hujikunja kwa urahisi, huchanika ovyo, na huvimba.

Kuzitambua nyuzi ni kazi ya dakika moja. Kata kipande cha mraba, weka alama upande mmoja kwa penseli, kisha lowesha uso mmoja kwa kidole. Kitajiviringisha kuwa mrija. Nyuzi zimelala kufuata urefu wa mrija huo. Ukitaka kuhakikisha, chana: upande unaochanika kwa mstari ndio wenyewe.

Ujuzi huo ndio unaotenganisha ua linalosimama na ua linalolegea. Jani la ua linahitaji kusimama, basi nyuzi zake ziende kutoka shina la jani hadi ncha. Petali ya waridi ya karatasi ya kawaida inahitaji mdomo unaojipinda kwa nje, basi nyuzi zilale kufuata upana wa petali, ili mdomo ukunjike bila kuvunjika. Ukibandika karatasi mbili pamoja ili kupata unene, hakikisha nyuzi zake zinafuatana, la sivyo kila moja itavimba kivyake na jani litapinda siku ya mawingu. Nimeona mashada mengi yaliyoharibika kwa sababu hii moja tu, na wenyewe wakilaumu gundi.

Krepu ina sheria yake. Ile mikunjo midogo midogo ndiyo akiba ya mvutiko, na karatasi huvutika kwa kuikatiza mikunjo hiyo. Kata petali mikunjo ikisimama wima, kutoka chini hadi juu. Kisha shika katikati ya petali kwa vidole gumba viwili na uvute taratibu kwenda kushoto na kulia. Tumbo la petali litafura kama kiganja kinachokinga maji. Ukikata mikunjo ikiwa imelala, hutapata umbo hilo kwa nguvu yoyote.

Kuna karatasi ya tatu ambayo watu hupita karibu nayo kila siku bila kuifikiria: mfuko wa saruji. Kaki ya mfuko huo hutokana na nyuzi ndefu za miti kama mipaina, na imeundwa kubeba kilo 50 bila kupasuka. Tanzania tunacho kiwanda chetu cha karatasi ya aina hiyo huko Mgololo, Mufindi, kilichoanza kazi katika miaka ya 1980. Mfuko una tabaka zaidi ya moja. Tumia tabaka ambalo halikugusana na saruji, na lipanguse kwa kitambaa kikavu nje ya nyumba, maana vumbi la saruji hukausha na kuchoma ngozi. Kaki hii inafaa sana kwa majani, kwa kuvalisha vijiti, na kwa kufungia shada zima. Ukiipaka chai nzito ya rangi hupata kahawia tulivu ambayo, kwa jicho langu, inashinda nailoni yoyote inayong'aa.

Karatasi za A4 zilizochapwa upande mmoja, zinazobaki maofisini na shuleni, hutoa maua meupe na yale ya kupaka rangi. Gazeti silipendekezi kwa zawadi. Karatasi yake hutokana na mbao iliyosagwa bila kuondolewa lignini, kile kinachoshikanisha nyuzi ndani ya mti, nayo lignini ikipigwa na jua hugeuka njano haraka na nyuzi hukatika. Lifae mafunzo tu.

Gundi isikusumbue. Mkoa wa Kigoma unakula muhogo, na wanga wa muhogo ni gundi nzuri ya karatasi. Chekecha unga kwa kitambaa chepesi upate ulio laini kabisa. Koroga vijiko viwili vya chakula katika robo kikombe cha maji baridi hadi kusiwe na vidonge, kisha mimina kikombe kimoja cha maji yanayochemka huku ukikoroga bila kuacha. Rejesha jikoni kwa moto mdogo hadi mchanganyiko ukose weupe na uanze kung'aa. Hapo wanga umeiva. Ukiuondoa kabla, hautashika. Gundi hii hukaa siku mbili, ikichacha itupwe. Ubora wake ni kwamba inakauka taratibu, unapata nafasi ya kusogeza petali mpaka ikae sawa, na ikikauka haionekani. Udhaifu wake ni kwamba mende na mchwa huipenda, na maji huirudisha ilikotoka. Udhaifu wote huo tutautibu mwishoni.

Sasa maua yenyewe. Hapa nina ombi kwa watengenezaji: acheni kunakili picha za kwenye simu, nendeni mkaangalie mmea. Mwaka 1772 huko Uingereza, bibi mmoja aitwaye Mary Delany, mwenye umri wa miaka 72 na mjane, alianza kutengeneza maua kwa vipande vya karatasi. Aliweka mmea halisi mezani, akahesabu petali na stameni, akakata kila sehemu kwa rangi yake na kuibandika juu ya karatasi nyeusi. Alipoacha miaka kumi baadaye kwa sababu macho yalikuwa yamefifia, alikuwa amekamilisha karibu kazi 1,000. Zinatunzwa leo katika British Museum, London. Joseph Banks, mtaalamu mkubwa wa mimea wa wakati huo, aliziamini kiasi cha kusema angeweza kuueleza mmea kisayansi kwa kuziangalia. Bibi huyo alikuwa na wembe na mkasi, na alikuwa na subira ya kutazama. Hivyo viwili vya kwanza viko dukani Kitahana, na hiyo ya tatu haiuzwi popote.

Kitu gani cha kutazama kwetu? Ua la buni. Anayeishi karibu na mibuni ya Manyovu, wilayani Buhigwe, anajua jinsi matawi yanavyogeuka meupe siku chache baada ya mvua kuvunja kiangazi. Ua la arabika lina ncha tano nyembamba zinazotoka kwenye mrija mfupi, na hukaa kwa vichala pale jani linapoungana na tawi, kamwe si kwenye ncha ya tawi. Ukikata nyota ndogo za ncha tano kwa karatasi nyeupe, ukazibandika tano au sita kila kifundo cha kijiti, unapata tawi ambalo mtu wa Buhigwe atalitambua kwa mbali. Mhitimu aliyesomeshwa kwa fedha za kahawa akipewa tawi hilo, hahitaji kuelezwa maana yake.

Alizeti nayo inafaa, ukikumbuka kwamba ile sahani ya katikati ni mamia ya maua madogo yaliyopangwa kwa mizunguko inayopishana. Tengeneza sahani kwa utepe mrefu wa kaki, uliokatwa kingo kama kichana, ukaviringishwa kwa kubana. Mizunguko itajitokeza yenyewe. Na mwamba-ngoma, mti unaochanua mekundu wakati wa kiangazi matawi yakiwa hayana majani, ni wa kuongeza pale unapotaka rangi kali. Kila ua lake ni jembamba na limepinda kidogo, na mengi hukusanyika kwenye kishada kimoja. Ni kazi ya mwenye mazoezi.

Bado wengi watataka waridi, na ni haki yao. Waridi hujengwa kutoka ndani. Anza na kitovu: kipande cha karatasi kilichofinyangwa ukubwa wa harage, kikafungwa kwa waya. Petali tatu ndogo zikumbatie kitovu hicho, kila moja ikianzia ndani ya nyingine, ili pasionekane ncha ya juu ya kitovu. Petali tano za kati zifuate, kisha tano au saba kubwa. Kanuni ni moja: kila petali mpya isimame mbele ya pengo kati ya petali mbili za safu iliyotangulia. Mmea wenyewe hufanya hivyo, na jicho la binadamu limezoea mpangilio huo hata kama mwenyewe hajui. Petali zikisimama moja nyuma ya nyingine, ua linaonekana kama kabichi na hakuna rangi itakayoliokoa. Midomo ya petali za nje tu ndiyo ikunjwe kwa nje, kwa kuviringisha ukingo kwenye penseli. Za ndani zibaki zimefumba. Hatimaye bandika vijani vitano vyembamba vya kijani chini ya ua. Waridi lina vijani vitano hapo, na aliyewahi kulishika atagundua ukiweka vinne.

Waya unaopatikana kirahisi ni ule wa kufungia nondo. Ni mlaini na hauna bei kubwa, ila una kutu. Uvalishe utepe mwembamba wa kaki uliopakwa gundi, ukizungusha kwa mshazari kutoka juu kwenda chini, kabla kutu haijapata nafasi ya kuhamia kwenye petali. Kwa mashina marefu tumia matete membamba yaliyokauka kabisa au vijiti vya mianzi. Tete bichi hunywea likikauka, na ua hubaki linacheza kichwani.

Kuunganisha shada ni pale wengi wanapoharakisha. Wanakusanya mashina yote ngumini kwa mkupuo na kufunga kamba. Maua yanabanana, mengine yanazama. Afadhali uanze na ua moja lililosimama wima mkononi. La pili lilale kwa mshazari juu yake, la tatu lifuate mshazari uleule, na kila unapoongeza ua zungusha shada kidogo kuelekea upande mmoja. Mashina yote yatakutana mahali pamoja na kuachana tena chini, na shada likisimamishwa mezani litasimama lenyewe. Funga hapo yanapokutana, kwa kamba ya nyuzi za mgomba. Makoa makavu ya mgomba, yakiloweshwa kidogo ili yasipasuke, huvikwa juu ya kamba kuwa mpini. Mkono wa anayepokea utashika kitu chenye asili yake.

Sasa turudi kwenye mvua. Kibondo ni nchi ya asali, na panapopatikana asali pana nta. Masega yaliyokamuliwa huchemshwa kwenye maji, huchujwa kwa kitambaa, na yakipoa nta huganda juu. Nta ya nyuki huyeyuka kwenye nyuzi joto 62 hadi 64 hivi, chini sana ya maji yanayochemka. Kwa hiyo usiiweke juu ya moto moja kwa moja. Iweke kwenye kopo, kopo likae ndani ya sufuria yenye maji, na sufuria ndiyo iguse moto. Nta iliyopata joto kupita kiasi hushika moto, na moto wa nta haumwagiwi maji. Ukitokea, funika kopo na uondoke karibu. Watoto wasikaribie hatua hii.

Zamisha ua lililokamilika, kichwa kikiwa chini, kwa muda wa pumzi moja, kisha litoe na ulikung'ute polepole huku ukilizungusha. Baada ya dakika chache limeshakuwa gumu. Nta imejaza nafasi kati ya nyuzi, na tone la maji sasa linateleza badala ya kunywewa. Rangi ya krepu haitiririki. Mende hawaifikii gundi. Mambo matatu yazingatiwe. Kwanza, gundi haishiki kwenye nta, kwa hiyo kila kitu kibandikwe kabla ya kuzamisha. Pili, nta huifanya rangi ikolee na karatasi ipitishe mwanga kidogo. Nyeupe hugeuka rangi ya maziwa ya mtindi, kwa hiyo jaribu kipande kwanza. Tatu, shada lenye nta halikai juani wala karibu na mishumaa, hata kama ni kipaimara na kanisa limepambwa kwa mishumaa pande zote.

Watu huniuliza kuhusu manukato. Ushauri wangu ni kutopulizia chochote, maana spiriti iliyomo huyeyusha rangi ya krepu papo hapo. Nta ya nyuki ina harufu yake, tulivu, ya asali, na kwa zawadi inayotoka Kibondo hiyo inatosha.

Wapo wanaosema kazi ya maua ya karatasi ni mchezo wa watoto wa shule. Katika mji wa Campo Maior nchini Ureno, wakazi hupamba mitaa mizima kwa maua ya karatasi waliyotengeneza wenyewe kwa miezi kadhaa, kila mtaa ukificha muundo wake hadi mkesha wa sikukuu. Mwaka 2021 UNESCO iliingiza sherehe hizo kwenye orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu. Waliofanikisha hilo ni majirani waliokaa jioni baada ya kazi, mikasi mkononi, wazee wakiwafundisha vijana. Sioni kitu chochote katika habari hiyo ambacho Kitahana haina.

Kwa wanaotaka kuuza, naongeza neno moja. Bei ya shada isipangwe kwa gharama ya karatasi, kwa sababu karatasi ni sehemu ndogo kabisa. Hesabuni saa zenu. Ua la plastiki litaendelea kuwa rahisi kuliko lenu kwa sababu mashine haidai chakula cha mchana, na hamwezi kushindana nalo kwa bei. Shindaneni nalo kwa tawi la buni, kwa mpini wa mgomba, kwa jina la mhitimu lililoandikwa kwa mkono ndani ya kaki.

Anayetaka shada la Oktoba aanze Julai au Agosti, wakati hewa ni kavu na gundi inakauka siku hiyohiyo. Azihifadhi kazi zake kwenye boksi lililofungwa, maana vumbi jekundu la kiangazi likiganda kwenye nta halitoki. Walimu wakuu wa Kibondo na Kasulu nawaomba wasichome karatasi zilizotumika upande mmoja mwisho wa muhula, wawape wanafunzi. Na nta inunuliwe kwa warina asali wa hapahapa.